Chakula cha Moto Mpaka Machimboni

(Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya watu wazima, kama yalivyosomwa)

Nawasalimu hasa ninyi mliokusanyika katika vikundi, kuanzia Mwadui na Kahama mpaka Kakola, Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro. Leo tuna kazi ya mikono kabla ya maneno. Kiongozi wa kikundi, chukua vikombe viwili vya bati vilivyo sawa. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kizungushie pamba au kipande cha blanketi kuukuu, pande zote na chini yake. Weka na chupa ya chai karibu. Maji yakiwa yanachemka kweli, mimina katika vyombo vyote vitatu, vifunike, kisha viacheni mezani. Asiguse mtu. Tutavirudia mwisho wa somo.

Somo la leo ni juu ya kupeleka chakula cha moto mahali pa kazi, kwa chupa ya chai au kwa hotipoti. Najua wapo watakaosema, "Hilo nalo ni somo? Chupa ya chai kila nyumba inayo." Ni kweli, kila nyumba inayo. Lakini watu wengi walio nayo wanaamini kwamba chakula kikishaingia humo na mfuniko ukafungwa, basi kimo salama mpaka kitakapofunguliwa. Imani hiyo imewalaza wengi kitandani. Chombo hiki hakina moto wake. Kinatunza tu ule moto uliokipa wewe. Ukikipa moto mwingi, kitakutunzia mwingi. Ukikipa uvuguvugu, kitakutunzia uvuguvugu, na tutaona hivi punde kwamba uvuguvugu ndio hali mbaya kuliko zote.

Tuseme mama mmoja anauza chakula kwenye maduara ya dhahabu. Anaamka saa kumi za alfajiri, anapika wali na maharage. Vikiiva anavitua chini, anawaandaa watoto kwenda shule, anafagia uwanja. Saa kumi na mbili na nusu anapakua katika hotipoti kubwa, anafunga, anapanda pikipiki. Wachimbaji wanatoka duarani saa nane za mchana, wananawa upesi, wanakula. Chakula hakinuki, wala hakikuchacha. Ladha yake ni nzuri. Kabla jua halijatua, watu wawili au watatu wanatapika.

Hapo ndipo mambo huharibika. Aliyerudi chini baada ya kula anatapika akiwa ndani ya shimo lenye kina cha mita 30, hana nguvu za kupanda kamba. Siku ya kazi imepotea, na pengine ya pili na ya tatu. Yule mama anapoteza wateja wake. Tena watu huanza kunong'ona: "Ametutilia sumu." Wengine husema neno baya zaidi, husema ni uchawi. Ndugu zangu, katika nchi yetu hii ya Usukuma neno hilo si la mchezo. Limekwisha kumwaga damu ya wazee wetu, hasa mabibi. Nami nasema kwamba mambo mengi ya namna hiyo hayahitaji mganga wa kuyaeleza. Yahitaji mtu aulize: wali ulikaa saa ngapi, na ulikuwa na moto kiasi gani?

Basi tuanze na moto wenyewe. Joto ni kama ng'ombe wasio na mchungaji. Daima linatafuta njia ya kutoka. Na njia zake ni tatu.

Njia ya kwanza ni kugusana. Ukiacha kijiko cha chuma ndani ya sufuria iliyo motoni, mpini wake utakuunguza. Mwiko wa mti hautakuunguza. Chuma hupitisha joto upesi, mti hulipitisha polepole. Hewa iliyotulia hulipitisha polepole zaidi. Kwa sababu hiyo nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi nene ina baridi nzuri mchana, wakati nyumba ya mabati inachoma kama tanuri. Nyasi peke yake si kitu kikubwa. Kazi inafanywa na hewa iliyonaswa katikati ya nyasi, isiyoweza kwenda huku na huku.

Njia ya pili ni kuchukuliwa. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, hupanda juu pamoja na joto lake, na hewa ya baridi huja mahali pake. Mnaona moshi wa jikoni unavyopanda. Chakula kilicho wazi hupoa upesi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu mvuke unaopaa huondoka na joto jingi sana. Ukifunika sufuria umekwisha kuziba mlango mkubwa.

Njia ya tatu ni kumulika. Jioni mkiota moto, uso unaungua na mgongo una baridi. Hewa ya mbele na ya nyuma ni ile ile. Joto limekujia moja kwa moja kutoka kwenye makaa, kama mwanga unavyokuja. Kila kitu chenye joto hutoa miali ya namna hiyo ingawa hatuioni, na kitu kinachong'aa kama kioo huirudisha ilikotoka.

Sasa itazameni chupa ya chai. Ina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na kati ya kuta hizo hewa imenyonywa ikatolewa karibu yote. Mahali palipotolewa hewa huitwa ombwe. Kwa kuwa hapana kitu cha kugusana nacho, joto halipiti kwa njia ya kwanza. Kwa kuwa hapana hewa ya kupanda na kushuka, halipiti kwa njia ya pili. Na ile rangi ya fedha inayong'aa upande wa ndani si pambo. Imewekwa kuzuia njia ya tatu. Basi joto limebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni pale shingoni penye kizibo. Kizibo kilicholegea ni sawa na kufunga zizi lote na kuacha lango wazi.

Chombo hiki kilibuniwa mwaka 1892 na Mskoti mmoja, James Dewar, aliyekuwa mtaalamu wa kemia huko London. Wala hakuwa akitafuta njia ya kutunza chai. Alikuwa akichunguza hewa iliyogeuzwa kuwa maji kwa baridi kali, akataka chombo cha kuzuia joto la chumbani lisiingie ndani. Ombwe halijali joto linatoka upande gani. Baadaye, mwaka 1904, Wajerumani wakaanza kuuza chupa hizo kwa watu wa kawaida kwa jina la Thermos. Dewar hakuwa ameuwekea uvumbuzi wake haki ya kisheria, akaenda mahakamani akashindwa; wengine wakatajirika. Mnamo mwaka 1978 Wajapani wakatoa chupa ya ombwe iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu badala ya kioo. Kwa mtu wa machimboni hiyo ni habari kubwa kuliko ile ya Dewar, kwa maana kioo na pikipiki ya barabara ya vumbi havipatani hata kidogo.

Hotipoti ni ndugu mdogo wa chupa ya chai. Kwa kawaida kati ya kuta zake hakuna ombwe. Kuna povu gumu la plastiki lililonasa vijitundu vingi vya hewa, kama zile nyasi za msonge. Inatunza joto, lakini si kwa muda mrefu kama chupa, tena mdomo wake ni mpana na kila ukifunguliwa mvuke mwingi unatoroka. Faida yake ni kwamba ugali unaingia na kutoka bila ugomvi. Uji, supu na chai viwekeni katika chupa. Ugali, wali na makande katika hotipoti. Na chakula chenye maji mengi hukaa na joto kuliko chakula kikavu, kwa kuwa maji hubeba joto jingi. Supu itawangojeni kuliko wali.

Tumekwisha kulijua joto. Sasa tuwaangalie adui zetu, yaani vijidudu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa, kama hakiliwi mara moja, kiwe na joto la zaidi ya digrii 60, au kiwekwe kwenye baridi isiyofika digrii 5. Katikati ya hapo ni malisho ya vijidudu. Wengi wao hustawi zaidi kwenye joto linalokaribia lile la mwili wa mtu, digrii 37. Hapo, wakipata chakula na unyevu, kijidudu kimoja chaweza kuwa viwili katika muda wa dakika 20. Haya, fanyeni hesabu pamoja nami. Kimoja, baada ya saa moja ni 8. Baada ya saa mbili ni 64. Baada ya saa nne ni 4,096. Baada ya saa sita ni 262,144. Na chakula hakianzi na kijidudu kimoja.

Mtauliza, "Mwalimu, si tumekipika? Si moto umewaua?" Moto umewaua wengi. Lakini kuna jamii ya vijidudu ambao wakibanwa hujifungia ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongoja mvua. Mmoja wao, anayeitwa na wataalamu Bacillus cereus, anapatikana udongoni na anapenda sana mchele. Ukichemsha wali, ganda lake linastahimili. Wali ukipoa ukafikia uvuguvugu, mbegu ile inaota. Vijidudu wanaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo inamtapisha mtu, mara nyingi kabla ya muda wa saa sita kupita tangu alipokula. Tena sikilizeni vizuri hapa: sumu hiyo haiharibiki kwa kupashwa moto. Hata mkiuchemsha tena wali ule, kijidudu atakufa lakini sumu yake itabaki.

Ndugu yake mwingine hupenda nyama, mchuzi mzito na maharage. Huyo hasababishi kutapika sana. Huleta msokoto wa tumbo na kuhara, mara nyingi baada ya muda wa saa 8 hadi 16, wakati ambapo mtu amesahau alikula nini mchana.

Kwa hiyo tazameni yule mama wa maduarani. Alipotua sufuria chini kwa muda mrefu, chakula kilishuka. Alipokipakua ndani ya hotipoti baridi, kikashuka tena, kwa maana hotipoti nayo ilikunywa sehemu yake ya joto. Pengine kiliingia kwenye safari kikiwa na digrii 50 tu. Kama angekiacha kwenye sahani, kingepoa chote na vijidudu wangekua polepole kidogo. Lakini hotipoti ilikishika pale pale kwenye uvuguvugu kwa saa nyingi, ikawa kama kuku aliyelalia mayai. Mama hakuwa mchafu wala hakuwa na nia mbaya. Alikosa dakika 20 za asubuhi.

Ni dakika 20 za kufanya nini? Kwanza, chemsheni maji, mimina ndani ya chupa au hotipoti iliyo tupu, funga, iache dakika kumi. Hii ni kuipa chombo joto lake mapema kisije kikaliiba la chakula. Najua maji ni mali. Ingawa tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanafika Kahama na Shinyanga kwa bomba, wako wengi ambao bado hununua kwa ndoo. Basi msiyamwage, hayo hayo yatumieni kuoshea vyombo, ni ya moto na yanaondoa mafuta vizuri.

Wakati chombo kinapata joto, chakula kiwe motoni bado. Huu ndio moyo wa somo la leo. Chakula kitoke motoni kiingie chomboni, bila kukaa chini hata kidogo. Mchuzi na maharage viwe vinatokota. Kwetu huku, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100 kama vitabu vinavyosema juu ya pwani. Tumekwisha kupungukiwa kabla hatujaanza, hatuna digrii za kuchezea. Wali uende ukiwa unafuka mvuke. Ugali ukishaiva, uugeuze moja kwa moja ndani ya hotipoti, tonge kubwa moja, usiukatekate, kwani kitu kikubwa hupoa polepole kuliko vipande. Juu yake tandaza kitambaa safi kikavu, kisha funika. Kitambaa kitanyonya jasho la mvuke, na ugali hautakuwa na maji maji.

Kijazeni chombo. Hotipoti iliyojaa nusu inapoa upesi. Kama watu wamepungua, tumia chombo kidogo. Kisha isifunguliwe njiani. Nimeona mahali watu wanavyofungua kila dakika "kuonja tu". Kila anayeonja anatoa mvuke, tena akirudisha kijiko alicholamba anaingiza vijidudu vya mdomo wake. Pakua chote mara moja kwa upawa safi, au chukua vyombo viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili zamu ya pili isile mabaki ya zamu ya kwanza.

Utajuaje kwamba moto umetosha na huna kipimo? Kipimo chako ni mdomo na macho. Chombo kikifunguliwa, mvuke uonekane ukipanda, na tonge la kwanza likulazimishe kupuliza. Kama unaweza kulitia mdomoni bila kupuliza, joto limekwisha kushuka chini ya mpaka wetu. Kikiwa kimefika hapo muda huu huu, kileni mara moja. Kikiwa kimekaa uvuguvugu zaidi ya saa mbili, msikile, hata kama kinanukia vizuri. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa amwage wali wa watu kumi. Ndiyo sababu nasisitiza kazi ya asubuhi.

Hapa nataka kusema kidogo juu ya kiporo. Sisemi kiporo kisiliwe. Mimi mwenyewe nimekua kwa kiporo cha ugali na chai ya asubuhi. Lakini kiporo cha wali au cha maharage kilicholala kwenye sufuria usiku kucha, kikapashwa kidogo alfajiri na kutiwa ndani ya hotipoti mpaka mchana, kimepewa malisho mara mbili. Hotipoti ni kwa chakula kilichopikwa asubuhi ile ile. Na maziwa vile vile: chai ya maziwa iliyotiwa ikichemka inyweni kabla ya mchana, msiiache ilale chupani. Kama mnataka chakula cha safari kisichohitaji moto wala chombo chochote, wazee wetu walikwisha kukitengeneza. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, hukaa miezi bila kuharibika, kwa kuwa kijidudu bila maji hana maisha. Mimi nadhani mtu aendaye mbali, asiye na chombo kizuri, afadhali abebe matobolwa na karanga kuliko wali wa vuguvugu.

Wako watakaosema, "Hotipoti nzuri ni ghali." Basi tengenezeni. Tuko katika nchi ya pamba. Chukueni kapu au tenga pana, litandikeni gunia ndani, kisha jazeni pamba, sufi, au pumba kavu za mpunga zilizotiwa katika mfuko wa kitambaa, unene wa shubiri moja chini na pande zote. Katikati acheni shimo linalobana sufuria yenu barabara. Shoneni na mto mnene wa kufunika juu. Chakula kikiwa kinatokota, sufuria na mfuniko wake vinaingia shimoni, mto unakaa juu, kwisha. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, serikali ya Uingereza iliwafundisha akina mama wake kutumia sanduku lililojazwa majani makavu kwa njia hii hii, ili kuokoa makaa.

Kapu hilo hufanya na kazi ya pili: linapika. Loweka maharage usiku, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha yatie kapuni. Yataendelea kuiva bila kuni. Lakini angalieni mambo mawili. Maharage mekundu yana sumu yao wenyewe yakiwa mabichi, nayo haitoki ila kwa kuchemka kweli kweli, basi ile nusu saa isipunguzwe. Na yakitoka kapuni yarudi motoni yatokote tena kabla ya kuliwa au kutiwa katika hotipoti.

Kuokoa kuni si jambo dogo kwetu. Wazee wa Shinyanga wanakumbuka mkoa huu ulivyokuwa ukiitwa jangwa. Miti ilikuwa imefyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na kwa ajili ya mashamba ya pamba, na kwa kuni. Mwaka 1986 ndipo ulipoanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na watu wakarudia desturi ya kale ya ngitili, yaani kuacha eneo lipumzike mpaka nyasi na miti irudi. Imerudi kwa kazi ya miaka mingi. Kila sufuria inayoivia kapuni ni mzigo wa kuni uliobaki porini.

Sasa nije kwa wachimbaji wenyewe, na kwa wenye maduara wanaowalisha. Chakula kisishushwe shimoni kwa ndoo au mfuko unaopandishia mawe. Watu wapande juu, wanawe mikono kwa maji na sabuni, walie mbali na makarasha na mbali na mialo. Vumbi la mawe likishuka juu ya ugali, haliondolewi kwa kupuliza. Na kuna zebaki. Uchunguzi uliofanywa Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwakuta wachomaji wa dhahabu wakiwa na dalili za sumu ya zebaki mwilini. Moshi wake hauonekani vizuri, hauna harufu ya kuonya, na hutua popote: juu ya meza, juu ya kitambaa, juu ya hotipoti iliyofunguliwa. Chombo cha chakula kisikae hata dakika moja mahali zebaki inapochomwa. Na chupa iliyowahi kuwekwa zebaki, hata ikioshwa mara saba, isirudi jikoni.

Juu ya utunzaji wa chombo nitakuwa na maneno machache. Kila siku kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, pamoja na ule mpira wa kwenye mfuniko, ambao watu husahau na ndiko uozo unakojificha. Kikauke kikiwa wazi. Msikifunge kikiwa na unyevu. Msisugue ndani kwa steliwaya, wala msitie maji ya kuchemka katika chupa ya kioo iliyokuwa na barafu, itapasuka. Chupa ya kioo ikianguka, itikiseni karibu na sikio. Mkisikia vipande vinalia ndani, mwageni kilichomo, msijaribu kuchuja kwa kitambaa. Na mkitaka kujua kama chupa ya dukani au ya nyumbani bado ina ombwe lake, tieni maji yanayochemka, fungeni, ngojeni dakika kumi, kisha shikeni ubavu wake. Ukiwa na joto, ombwe limekwisha kuingiwa na hewa. Hiyo ni chupa kwa sura tu, itumieni kwa maji ya kunywa.

Haya, sasa turudi kwenye vikombe vyetu. Kiongozi, fungua kile kilicho wazi, watu watie kidole. Kisha kile cha pamba. Kisha mimina kutoka kwenye chupa, lakini hapo msitie kidole, angalieni mvuke tu. Mkiwa mmevigusa, zungumzeni juu ya maswali haya. Katika kijiji au machimbo yenu, chakula cha mchana hupikwa saa ngapi, na huliwa saa ngapi? Muda uliopo katikati ni wa saa ngapi? Nani anakibeba, na kwa chombo gani? Na mara ya mwisho watu wengi walipougua matumbo kwa pamoja, walikuwa wamekula nini? Karani wa kikundi aandike majibu katika daftari, maana tutayahitaji wiki ijayo, tutakapozungumza juu ya maji ya kunywa machimboni. Kwaherini.